Nundu ya Mlangoni

Asanteni kwa kunipa nafasi, wenzangu wa kikundi hiki cha wenye shida ya macho, mlioniona nikisimama na mliosikia kiti tu. Mie ni fundi bati, karakana yangu iko Manzese. Macho yangu yalianza kufifia kuanzia pembeni, kidogo kidogo. Presha ya macho, nyie mnaijua. Sikumwambia mtu.

Wakati huo nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko zote. Vijana wa mtaani walikuwa na tamthilia ya watu waishio ndani ya chombo cha angani, inaangaliwa kwenye simu. Chombo nilikijenga mie, kwa mabati. Mlango wake, upande wa ndani, ulikuwa na nundu kubwa, na watazamaji wakawa wanauliza imetoka wapi. Basi wakaamua kutengeneza hadithi ya nyuma, ya siku chombo kilipokuwa kipya. Sehemu moja ingeonyesha jiwe la angani likigonga mlango na nundu ikitokea.

Nikaanza kukijenga chombo upya, kisicho na nundu bado. Mwenzangu, fundi rangi wa Tandale, alichora kwa chaki, mie nikakata. Dirisha likatoka limepinda. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo bado linanichoma: nilisema chaki ilichorwa vibaya. Mwongozaji wa tamthilia akamwambia apumzike nyumbani. Akaondoka, na mie nikaendelea kukata.

Siku ya nundu ikafika. Bati la mlango lilikuwa moja tu, limeshapakwa rangi. Nilitakiwa nisimame nyuma yake na nyundo, nigonge mara moja kamera ikiwa ndani. Mwongozaji akanionyesha picha ya mlango wa zamani, akasisitiza iwe palepale, maana watazamaji wangelinganisha. Nikaitazama simu. Ukungu mtupu. Nikainua nyundo, mkono ukagoma.

"Sioni," nikasema.

"Mzee, acha utani, watu wanasubiri."

"Sioni, mwanangu. Na lile dirisha nililiharibu mie."

Hakuna aliyecheka. Nikaomba mwenzangu apigiwe simu. Alikuja na bodaboda, nami nikarudia maneno yaleyale mbele ya wote, nikamwomba radhi.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona unaipapasa chaki kabla ya kukata. Macho siyo kosa, braza. Kunisingizia ndo kuliniuma."

 Akanishika kiwiko, akanisogeza mlangoni.

"Ile nundu ya kwanza uliipiga mwenyewe. Hebu pima."

Nikaanzia kwenye bawaba. Shibiri tatu kwenda kulia, mbili kushuka. Vidole vilikuwa vinakumbuka. Nikagonga. Kule ndani nikasikia wanalinganisha picha mbili, halafu makofi.

Namshukuru mwongozaji, hakunifukuza. Namshukuru kijana wa tamthilia aliyenipeleka kliniki, leo natumia dawa ya matone na kilichobaki hakijapungua. Zaidi namshukuru mwenzangu, ambaye sasa anachora kwa msumari ili mstari niushike kwa kidole. Mwenye macho kama yangu aseme mapema, kabla hajamtwika mtu mwingine kosa lake.

Sehemu ile ilipotoka tuliiangalia karakanani. Picha sikuiona, mwenzangu alikuwa ananisimulia. Aliposema, "Sasa jiwe linakuja," mkono wangu ukainuka wenyewe kama umeshika nyundo, na karakana nzima ikacheka, mie nikiwemo.