Plastiki ya Gari ya Baba

KINGORI: Haloo? Nduta?

NDUTA: Nani huyo? Ongea kwa nguvu, leo Kianyaga network inatembea na mkongojo.

KINGORI: Ni Kingori. Hii ni simu ya fundi, yangu imeisha chaji. Niko gereji, hapa Kerugoya. Mami ameamkaje?

NDUTA: Ameamka. Goti imefura lakini anatembea. Unafika saa ngapi?

KINGORI: Ndio nimepigia. Ile plastiki ya juu ya tairi, ya ndani ya madigadi –

NDUTA: Ile inapiga kelele?

KINGORI: Hiyo. Imepasuka, inasugua tairi. Fundi ako na ingine mkononi, anangoja niseme ndio. Ama aifunge tu na waya, vile Baba alikuwa anafunga.

NDUTA: Akifunga na waya, itaendelea kulia?

KINGORI: Italia. Parapara-parapara, kutoka daraja mpaka kwa geti.

NDUTA: Basi afunge na waya.

KINGORI: Nduta. Jana Mami alianguka juu ya nini?

NDUTA: Matope.

KINGORI: Matope iko kila siku. Alikuwa anakimbia kufungua geti. Alisikia gari, akadhani –

NDUTA: Najua alidhani nini, mimi ndio nilimwinua. Lakini wewe hukuona uso yake kabla aanguke. Tangu tumzike Baba Aprili, hiyo ndio saa pekee huyo mama hucheka. Akisikia hiyo kelele anaweka chai, anatoa ile kikombe kubwa ya Baba, anajifunga kitambaa safi –

KINGORI: Halafu naingia mimi.

NDUTA: Eeh. Halafu unaingia wewe.

KINGORI: Unajua vile ananiangalia nikishuka? Kila nikikuja. Nimechoka – fundi, ngoja kidogo, bado naongea – nimechoka kushuka kwa hiyo gari nikiwa si yeye.

NDUTA: Na ukiinyamazisha, utakuwa umembakishia nini?

KINGORI: Miguu. Akianguka tena haitakuwa goti, ni kiuno.

NDUTA: [mkwaruzo] Unakatika.

KINGORI: Nimesema ni kiuno!

NDUTA: Nimesikia. Mwambie aweke mpya.

KINGORI: Kweli?

NDUTA: Sijui. Weka tu kabla nigeuke. – Ngoja, ametoka jikoni. Anauliza ni nani. Anauliza kama ni Baba Nduta.

KINGORI: Mwambie ni mimi.

NDUTA: Nimemwambia tangu Aprili. Leo mwambie wewe. Mami, shika –

KINGORI: Nduta, usi– hii krediti ni ya wenyewe, inaisha. Nduta? ... Mami? ... Hapana, Mami. Ni Kingori. ... Kingori, Mami. ... Eeh, gari inatengenezwa. Haitapiga kelele tena, kwa hivyo usinitokee kwa mvua. Kaa hapo kwa moto, nitapiga hodi. ... Chai? Weka, nitakunywa. ... Hapana, si ile kubwa. Hiyo wacha kwa kabati. Nitolee yangu. ... Eeh. Hiyo, Mami. Hiyo ilivunjika mkono. Umeikumb–

[simu inakatika]