Tathmini Niliyoijaza Kabla ya Somo

Wapendwa, mchungaji amenipa dakika kumi, na anajua kwamba mwalimu akipewa dakika kumi huchukua kipindi kizima. Mnivumilie. Nimesimama hapa mara nyingi kusoma matangazo. Leo sina tangazo. Nina jambo langu mwenyewe, na namshukuru Mungu kwamba amenipa nafasi ya kulisema nikiwa bado nashika chaki.

Wengi wenu mnanijua. Watoto wenu wamepita mikononi mwangu, katika shule yetu hii iliyobanwa na maghorofa na maduka ya Kariakoo. Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Walimu wapya wakija, walikuwa wanaletwa kwangu waone jinsi ya kufundisha. Nami niliyapenda hayo, ndugu zangu. Niliyapenda kupita kiasi.

Mwaka juzi shule ililetewa vishikwambi, vile vya kugusa kwa kidole, ili darasa la nne wavitumie kujifunza kuandika. Mwalimu mkuu akanikabidhi ufunguo wa kabati. Alisema mimi ni mtu mzima, tena mcha Mungu, kwangu havitapotea. Na kweli havikupotea. Darasani hakikuingia hata kimoja.

Nawaambia ukweli, niliogopa. Nilichukua kimoja nyumbani nikijaribu, kikaanza kuongea chenyewe, nikakifunika na kitenge mpaka kikanyamaza. Kuuliza nikaona aibu. Nimuulize nani, wakati wote wananiuliza mimi?

Sasa sikilizeni nilivyoanguka. Mwalimu kabla ya kuingia darasani huandika andalio la somo: atafundisha nini, kwa zana gani. Mwishoni kuna nafasi ya tathmini, na hiyo hujazwa somo likiisha, kusema kama watoto wameelewa au hawakuelewa. Mimi nilikuwa nakaa mezani Jumapili mchana, nimetoka hapa hapa kanisani, nimeshiriki meza ya Bwana, naandika maandalio ya wiki nzima. Kwenye zana naandika: vishikwambi. Kwenye tathmini ya somo la Alhamisi, Alhamisi ambayo haijafika, naandika: somo limeeleweka kwa wanafunzi wengi.

Walimu mlioko hapa, msiiname. Nawaona.

Na darasani nilifanya nini? Niliandika insha ubaoni, watoto wakanakili, wakaikariri. Insha yenyewe niliitunga zamani nikiwa shule yangu ya kwanza, kule kwetu Masasi. Mwalimu mkuu akaona faili langu lilivyopangwa, akawa analionyesha kwa wengine kama mfano.

Siku moja akaja mthibiti ubora wa shule, yule tuliyezoea kumwita mkaguzi, mama mmoja mpole, sauti ya chini. Akasoma faili, akafurahi, akasema angependa kuona somo la vishikwambi. Nikafungua kabati. Vyote vilikuwa vimezima, vingine bado vina karatasi za nailoni juu ya kioo. Mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa furaha kabisa, "Mwalimu, kumbe hivi ni vyetu?"

Yule mama akaenda kwenye madawati. Akachukua madaftari, akasoma la kwanza, la pili, la tano. Yote yalisema shule yetu imezungukwa na miti mingi, na nyuma yake unapita mto wenye maji safi. Akaenda dirishani. Nje kulikuwa na mikokoteni, marobota ya mitumba na mtu anauza sumu ya panya kwa kipaza sauti.

"Mwalimu," akaniuliza taratibu, "huo mto unapita upande gani?"

Hakunidhihaki. Aliuliza tu, na ndiyo maana iliniuma.

Ofisini akanipa mwezi mmoja. Akirudi alitaka kuona somo moja la kuandika, lililopangwa na kufundishwa kweli. Likikosekana, darasa atapewa mwalimu mwingine, na maandalio yangu yatapelekwa kwa wakubwa. Watoto wale walikuwa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne mbele yao, na hakuna aliyeweza kuandika sentensi mbili za kwake. Hilo nilikuwa nimelifanya mimi.

Nikaomba sana. Siku tatu nilimwomba Mungu anisitiri, mambo yapite. Siku ya nne, katikati ya sala, nikajisikia: namwomba Mungu anisaidie kuendelea kudanganya. Nikaikatisha sala. Nikainuka pale mkekani nikaenda shule mapema.

Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa la tatu, mama wa makamo kutoka Lindi. Huyu nilishawahi kumsema mbele ya wenzake kwamba anachezea simu darasani badala ya kufundisha. Nikamkuta anasahihisha, nikaweka kishikwambi kimoja mezani pake.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Shikamoo, mama. Nikufundishe nini tena mimi?"

"Marahaba. Kuwasha."

Akaanza kucheka, akaniona macho, akaacha. Akanivutia kiti. Nikanyoosha mkono nikishike kile kishikwambi, akakisogeza mbali.

"Hiki baadaye. Kwanza niambie, unataka watoto waandike nini?"

"Insha."

"Insha ya nani, mama? Yako au yao?"

Ndugu zangu, miaka thelathini kazini, na hilo sikuwahi kujiuliza.

Tulikaa michana mitatu kupanga somo moja. Mtoto atasimulia kwanza kitu alichokiona njiani akija shule, na kishikwambi kitarekodi sauti yake. Kisha atajisikiliza, asimamishe, aandike kwa penseli alichosema, arudie. Halafu amsomee mwenzake, na mwenzake amuulize asipoelewa. Vilikuwa vichache, basi watoto watano kwa kimoja, na nani anaanza tukaandika. Nani anachaji asubuhi, tukaandika. Umeme ukikatika tufanyeje, tukaandika hilo nalo. Kuwasha kwenyewe nilijifunza kwa dakika mbili. Nilikuwa nimeogopa kitu cha dakika mbili.

Siku ya somo ikafika. Kelele zilizokuwamo, Mungu anajua. Alikuwepo binti mmoja ambaye mwaka mzima hakuwahi kuvuka mstari wa pili. Alirekodi, akajisikiliza, akanijia.

"Mwalimu, haya yote nimesema mimi?"

"Wewe mwenyewe."

"Basi kumbe nina maneno."

Akarudi kukaa. Aliandika ukurasa mzima na makosa yake. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii: mwenye mkokoteni husema pisha pisha akishakugonga. Niliisoma nikacheka, kisha nikageukia ubao ili watoto wasinione nafuta machozi.

Jioni nikafungua andalio, nikajaza tathmini. Niliandika: watoto kumi na mmoja hawakumaliza. Vishikwambi viwili vilizima. Mwalimu alichanganyikiwa katikati ya somo. Litarudiwa Jumatano. Wapendwa, sijawahi kuandika kitu nikalala vizuri kama siku ile.

Lakini haikuishia hapo. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na faili la zamani, nikamwonyesha yote niliyoyatunga. Akashika kichwa, akasema ningeweza kunyamaza, somo jipya lingetosha. Nikamjibu kwamba nimeshanyamaza vya kutosha. Mthibiti aliporudi nikamwekea mafaili yote mawili mezani. Alisoma muda mrefu. Akaingia darasani, akakaa na watoto, akamsikiliza yule binti akisoma. Nilipewa barua ya onyo, na ipo kwenye jalada langu mpaka leo. Nilistahili. Darasa langu sikunyang'anywa. Wale watoto walifanya upimaji kwa maneno yao wenyewe, wengine vizuri, wengine kwa kuchechemea, lakini yalikuwa yao.

Namshukuru Mungu aliyeniaibisha kwa upole. Namshukuru yule mama aliyeuliza swali badala ya kunitukana. Namshukuru mwalimu mwenzangu, ambaye nilimwomba msamaha mbele ya wale wale niliomsema mbele yao. Naye akanijibu tu kwamba kesho zamu ya kuchaji ni yangu. Nawashukuru wanajumuiya wenzangu, mlionitembelea bila kuuliza kulikoni.

Ninachowaachia ni kidogo. Wewe mwenye cheo, mwenye mvi, unayeulizwa na wote, tafuta mtu mmoja umwambie hujui. Mwambie leo, kabla hujaanza kuandika kwamba umefanya. Na mkifika nyumbani, mwiteni mtoto mumuulize wiki hii ameandika nini cha kwake mwenyewe. Akileta daftari, zimeni televisheni. Akae, asome, na mtu mzima asimsahihishe mpaka amalize.