Risala ya Wanamwamba kwa Mama Mwanaima Kuhusu Spika Kubwa Iliyofungiwa Stoo

Mgeni rasmi, mama yetu Mwanaima, mmiliki na mlezi wa Bendi ya Mwamba Mpya;
Ndugu mwenyekiti wa kikundi chetu;
Wanamuziki wa bendi mnaoongozwa na dada yetu Nelly, mwimbaji;
Wapenzi wenzetu mliotoka Geita, Kharumwa, Kahama na Samuye:

Wanaostahili shikamoo tunawapa shikamoo zao. Wengine wote, mhola?

KARIBU

Mama, sisi wapenzi wa Bendi ya Mwamba Mpya, tunaojiita Wanamwamba, tumefurahi kukuona ukiingia katika ukumbi huu wa Kalangalala. Tunajua duka lako la vifaa vya ujenzi halina siku ya mapumziko, na leo umeliacha kwa ajili yetu. Wabeja sana. Anayesoma ni Eunice, katibu, lakini maneno haya yamekubaliwa na wote.

Tulipokualika ulituuliza kwenye simu, "Mnaniitia sherehe au mnaniitia kesi?" Tukajibu ni sherehe. Jibu letu halijabadilika, ila sherehe hii ina ombi ndani yake, na tumeona si vizuri kulificha mpaka mwisho.

TULIKOTOKA

Mama, wewe ndiye uliyenunua vyombo vya bendi hii kutoka kwenye hoteli iliyokuwa inafungwa, ukaviweka kwenye ua wa duka lako, ukawaambia vijana waliokuwa wanapiga magitaa ya kuazima kanisani na harusini, "Haya, pigeni tuwasikie." Jina lilitolewa na wachimbaji waliokuwa wamesimama getini. Mchimbaji anayefikia mwamba mpya wenye dhahabu anapanda juu akiwa anacheka peke yake, na wao walisema ndivyo walivyojisikia siku ile.

Kikundi chetu hakikuanzia kwenye mkutano. Kilianzia juu ya lori. Bendi ilipokwenda kupiga Katoro, Kharumwa au Kahama, sisi tulikaa juu ya turubai lililofunika spika, tukishikana mabega kwenye mashimo. Wengi wetu ni watu wa kuja, kila mmoja na kwao, na hatukuwa na ndugu hapa. Tuliofahamiana kwenye lori ndio tuliokuja kuzikana na kuozana. Siku ya harusi ya Samuye, ng'ombe wa baba wa bibi harusi walirudi kutoka malishoni wakapita katikati ya wachezaji. Nelly hakukatisha wimbo. Aliwaimbia ng'ombe wapishe, na wakapisha.

KUMBUKUMBU TULIYOICHAGUA

Kila mwanachama alitaka kumbukumbu yake iingie humu. Mama Bhoke alitaka ile mvua ya Kharumwa, wengine wakataka hii na ile, na tungefuata matakwa yote tungekesha hapa. Tulipopiga kura, wengi walichagua ya Mzee Maduhu, aliyekaa mstari wa mbele akiwa na kofia mapajani. Tulimpa rasimu aisome. Alifuta mahali tulipokuwa tumemsifu, akasema, "Semeni ilivyokuwa." Basi ilikuwa hivi.

Maduhu alizaliwa Samuye, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka alipopata ndevu, kisha akaja Geita kuchimba. Kazi yake chini ya duara, yaani shimo la mgodi, ilikuwa kutoboa mwamba kwa jekihama ili baruti ipate pa kuingia. Wakati ule hakuna aliyekuwa anavaa kitu masikioni. Jumapili alioga, akapaka mafuta, akaja kwenye bendi pamoja na mkewe Philomena. Alikuwa mchezaji. Nyimbo za Nelly alizijua zote, na pale Kiswahili kilipomshinda aliweka Kisukuma akaendelea mbele.

Masikio yalianza kumwacha bila yeye kujua. Kwanza aligombana na fundi mitambo, akidai sauti ya Nelly imepunguzwa. Fundi akaongeza, wengine wakaziba masikio, naye Maduhu akazidi kulalamika kwamba dada anaimba kama yuko nyuma ya ukuta. Nyumbani Philomena alimwita kula asiitikie, akadhani mumewe amenuna. Wiki nzima alimpikia kwa unyenyekevu, akijiuliza kosa lake ni lipi. Siku alipoangusha sufuria kwa bahati mbaya nyuma ya mgongo wa mumewe na Maduhu asigeuke, alielewa, akakaa chini akalia.

Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba kilichoharibiwa na kelele za miaka hiyo hakirudi. Maduhu akaacha duara, akaanza kutengeneza baiskeli nje ya nyumba yake. Alijaribu kuendelea kuja kwenye bendi, akiangalia miguu ya wenzake apate kwenda nao. Jumapili moja wimbo uliisha na yeye akaendelea kucheza, macho ameyafumba, peke yake uwanjani. Vijana fulani walicheka. Alipofumbua macho na kuwaona, aliondoka hata kofia hakuichukua. Fulana yake ya bendi aliifanya kitambaa cha kufutia mnyororo wa baiskeli.

Sisi tulifanya nini? Tulikwenda kumpa pole, tukanywa uji wake, tukarudi. Hatukujua la kufanya.

Aliyejua ni Philomena, na yeye mwenyewe anasema hakujua, alikuwa amechoka tu kumwona anakaa ndani. Ilikuwa Jumapili mchana, bendi inapiga bonanza hapa hapa Kalangalala. Alimletea viatu mlangoni. Maduhu akavisukuma pembeni kwa mguu.

"Nikafanye nini huko?" akauliza. "Nikaangalie watu wanafungua midomo?"

Philomena hakuwa na namna ya kumjibu akasikia. Alikaa kizingitini, akaziba njia kwa mwili wake, na hakuondoka mpaka Maduhu alipovaa viatu kwa hasira.

Uwanjani alikataa kiti. Alitafuta mahali pa kujificha, akaona ile spika kubwa nyeusi ya besi pembeni ya jukwaa, akaenda kuiegemea kwa mgongo, uso ameugeuzia mbali na watu. Boaz, mpiga besi, akaanza wimbo wa "Nisubiri Kahama", ambao unaanza na gitaa lake peke yake kabla wengine hawajaingia.

Maduhu aliruka kama mtu aliyesukumwa. Anasema alidhani ni baruti, na mawazo yake ya kwanza yalikuwa, nani amelipua mjini? Akaangalia watu, hakuna aliyekimbia. Akarudi kwenye spika, akaweka kiganja, kisha viganja vyote viwili, kisha kifua. Tulimwona akitikisa kichwa polepole. Halafu akapaza sauti, na mnajua mtu asiyejisikia anavyopaza:

"Philomena! Ni ile ya Kahama! Ni ile ya Kahama, njoo!"

Uwanja mzima ulisikia. Nelly alikuwa ameshafungua mdomo kuimba, akaufunga. Boaz alimtazama yule mzee aliyekumbatia spika, akawapa wenzake ishara wasubiri, akaupiga mwanzo ule tena peke yake, taratibu. Maduhu akaucheza mwanzo wote akiwa ameshika spika kwa mkono mmoja, na Philomena kwa mwingine.

Mgeni rasmi, hatukusimulia haya ili watu walie. Tunasimulia kwa sababu ya yaliyofuata. Tangu siku ile Boaz alikuwa na desturi mpya: wimbo ukikaribia kuisha aliinua shingo ya gitaa lake juu, ili Maduhu aone na asimame pamoja na wenzake. Maduhu akawa anainua mkono kuitikia. Mama Bhoke, aliyekuwa anacheza karibu naye, akaanza kuinua wake. Haikupita muda wapenzi wote tulikuwa tunainua mikono kwa pamoja na kuishusha na pigo la mwisho. Wageni waliotoka Mwanza walituuliza mtindo huo tulifundishwa na nani. Yule mzee aliyechekwa kwa kupitiliza wimbo ndiye uwanja mzima ulikuwa unamalizia naye. Tukiulizwa tumepata mafanikio gani kwa kuifuata bendi hii, tunataja hilo.

CHANGAMOTO

Mama, tunaelewa kwamba nyakati ni ngumu. Wenye kumbi siku hizi wanataka bendi ndogo, lori limekuwa mzigo, na kinanda kimoja kinaweza kutoa sauti ya besi, ya ngoma na ya tarumbeta kikiwa mapajani mwa mtu kwenye gari dogo. Uliposema Boaz apumzike, na gitaa la besi na ile spika kubwa vifungiwe stoo, ulikuwa unaiokoa bendi isife. Hakuna Mwanamwamba anayesema vinginevyo, na aliyekuwa anasema tumemnyamazisha.

Lakini tunaomba ujue ilivyokuwa bonanza lililofuata, lile la Shinyanga, ambalo hukuhudhuria.

Maduhu alifika mapema. Aliona spika mbili ndogo juu ya vyuma, akadhani kubwa bado iko njiani. Bendi ilipoanza, alikwenda akaweka kiganja kwenye moja. Akahamia ya pili. Akainama akafuata waya kwa vidole mpaka kwenye soketi, akidhani umechomoka. Fundi mitambo alimwonyesha kwa mikono kwamba kila kitu kinafanya kazi. Maduhu akamgeukia mkewe.

"Boaz anaumwa?"

Philomena alitikisa kichwa. Hakuumwa.

Maduhu alikwenda kukaa kwenye benchi. Tulipopiga makofi alipiga, tulipoinuka aliinuka. Alikaa mpaka mwisho kwa heshima ya Nelly. Philomena anatuambia aliogopa fulana ile nyingine, tuliyomshonea sisi, nayo itaishia kwenye mnyororo.

Haikuishia huko. Asubuhi Maduhu alifunga kibanda chake cha baiskeli, akapanda gari la Kharumwa, ambako Boaz alikuwa amekwenda kutafuta kibarua, mtu ambaye tangu aharibike masikio hakuwahi kusafiri peke yake. Huko aliuliza, akioneshwa njia kwa vidole, mpaka akafika kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alimkuta Boaz anabeba viroba vya mawe, amejaa vumbi, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto amekifunga kitambaa.

"Mzee Maduhu! Umefuata nini huku?"

Maduhu hakusikia. Alichukua ule mkono, akafungua kitambaa, akakiangalia kidole. Kilikuwa kimebanwa na jiwe. Akakikunja na kukikunjua taratibu, kama anavyofanya na breki ya baiskeli.

"Kinakunja," akasema. "Twende nyumbani."

Boaz alicheka, kisha akaacha kucheka. Alieleza kwa mdomo na kwa mikono kwamba bendi imemwacha, kwamba hapa angalau jioni anakula. Maduhu alishika maneno machache tu. Ndipo Boaz akaandika kwa kidole kizima juu ya vumbi la mashine: GITAA NI LA MAMA.

Maduhu akasoma. Wasimamizi walikuwa wanamwita Boaz arudi kazini.

"Basi tutamwomba Mama," Maduhu akasema. "Ulishawahi kusikia amekataa kabla hajaombwa?"

Boaz alisema hapana. Alivua glovu, akamwachia mwenzake, akaenda kunawa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuna maombi mengi.

Tunaomba gitaa la besi na spika kubwa vitoke stoo, na Boaz arudishwe kwenye nafasi yake. Kuhusu kusafirisha, mwenzetu Luka anayebeba mpunga kwa lori la kwake amekubali kuipakia spika kila bendi inapokwenda njia yake, na njia isiyokuwa yake tutajua sisi. Kuipandisha na kuishusha ni kazi yetu, hatutaki mtu wa kulipwa. Kinanda kibaki, kijana anayekipiga ana kipaji na tunampenda, na tungependa ajue kwamba hakuna neno hapa lililomlenga yeye.

Na kama itabidi uchague, kama ni lazima kitu kipungue ili bendi iendelee kuishi, tunaomba utuite kwanza. Tupunguze sisi. Tuko tayari kusikiliza bendi bila taa za rangi, bila mahema, tukiwa tumesimama juani.

Boaz yuko hapa. Amekaa mstari wa nyuma kabisa karibu na mlango, shati jeupe, hakutaka tumtaje ila tumemtaja. Kidole kimepona. Stoo yako iko nyuma tu ya ukumbi huu, na vijana wa kubeba wapo.

Mzee Maduhu hasikii haya yanayosomwa. Philomena atamgusa bega tutakapomaliza, naye atapiga makofi kama watu wote. Ukikubali ombi letu leo, Mama, hakuna haja ya kumwandikia wala kumwonyesha kwa mikono. Fungua stoo, halafu utamwangalia uso.

Mwenyezi Mungu, tunayemwita kwa majina yetu mbalimbali, akupe afya wewe na mwanao Nasibu, ailinde biashara yako, awatoe salama walioko chini ya ardhi mchana huu, na aturudishe kila mmoja kwake kwa amani.

Ni sisi,

Wanamwamba
Kikundi cha Wapenzi wa Bendi ya Mwamba Mpya
Geita na Shinyanga