Tahani Wadie na Gesi ya Samadi

Ndugu waombolezaji, tuliyemleta hapa leo ni dada yangu, Tahani Wadie Bishay, na haya ndiyo maisha yake. Padri ameniomba niyasome kwa upole. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1957 katika kijiji chetu hiki cha Ezbet Bishara, karibu na mji wa Mallawi, mkoa wa Minya. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Wadie Bishay na marehemu Safina Habib. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kinyaa. Hakunywea kikombe cha mtu, na akimwona nzi kwenye sahani, basi chakula kimekwisha. Kazi ya wasichana wa rika lake ilikuwa kukanda kinyesi cha ng'ombe na makapi, kukianika juu ya paa, na kikishakauka kukitia kwenye tanuri la mkate. Tahani aliifanya akiwa amefunga matambara mikononi, huku akitapika.

"Mkate wake unaula bila kuuliza," mama alimwambia. "Leo ndio umejua una pua?"

"Mkate haunuki, mama. Wewe ndiye unayenuka moshi."

Alichapwa. Lakini alisema kweli. Mama alinuka moshi hadi siku tulipomwosha kwa ajili ya kaburi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, kisha shule ya uuguzi ya Mallawi, akahitimu mwaka 1976. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika zahanati yetu, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2017. Huko alifunga vidonda vya wanawake waliolipukiwa na majiko ya mafuta ya taa, na kuwapa dawa ya kikohozi watoto ambao alijua wanarudi kulala chumba kimoja na tanuri. "Nawatibu moshi, kisha nawarudisha kwenye moshi," aliniambia. "Kazi gani hii?"

Tarehe 5 Oktoba 1980, katika kanisa hili, aliolewa na Fakhri Aziz, mkulima wa miwa. Walijaliwa watoto wawili, Irini na Abanub. Fakhri ndiye aliyemchimbia shimo la tangi mwaka 1994, marehemu aliporudi kutoka semina mjini Minya, ambako walionyeshwa jinsi samadi iliyofungiwa ndani ya tangi inavyotoa gesi ya kupikia. Kila asubuhi aliikoroga na maji kwa mikono yake. Watu wakamwuliza kinyaa chake kimekwenda wapi.

"Kipo," akajibu. "Hii inatoka kwa sabuni. Moshi wa kifuani utautoa kwa sabuni gani?"

Wakati huo mitungi ya gesi ililetwa kijijini na wakala mmoja tu. Jina lake silitaji. Amekaa safu ya pili na ameshika mshumaa. Mitungi iliyopunguzwa bei kwa ajili ya maskini aliificha ghalani, akawauzia maskini haohao kwa bei aliyoitaka yeye. Alipoona Tahani hanunui tena, alieneza kwamba chakula cha nyumba ile ni najisi, na majirani wakaacha kunywa chai kwake. Ndipo Abuna Bisada, aliyekuwa kasisi wetu, akaja akaketi jikoni, akautazama moto wa buluu, akanywa chai, akanyoosha kikombe. "Niongezee, binti yangu, na sukari usibane." Jumapili iliyofuata aliwaambia waumini kwamba harufu mbaya aliisikia, ila ilikuwa ikitoka vinywani mwa watu. Baada ya hapo nyumba nyingi zilijenga matangi.

Mwaka 2008 likaja shirika moja lenye fedha za kuwajengea matangi watu wa ng'ambo ya mfereji, ambao hawana ardhi na hufuga ng'ombe kwa ubia. Kazi ya ujenzi ikapewa nani? Wakala yuleyule. Saruji akaiuza, matangi akayajenga kwa mchanga. Siku ya uzinduzi wageni walipiga picha wakiwa wameziba pua kwa leso. Kabla baridi haijaisha matangi yalipasuka, na uchafu ukaingia chumbani kwa Bibi Gamila, mjane, ukalowanisha godoro alilolalia na wajukuu zake. Tahani aliusomba kwa ndoo. Ndoo ya mwisho aliibeba hadi dukani kwa wakala, akaitua juu ya meza mbele ya wateja.

"Toa uchafu wako hapa, we mwanamke."

"Ni wako, kaka. Nimeutoa kwa Gamila, nimekuletea."

Wakala hakuyajenga upya, na hakuna aliyemshtaki. Marehemu na mumewe walitengeneza matangi manne kwa jasho lao, la Gamila likiwa la kwanza, wakaishiwa nguvu. Nyumba zilizobaki zilirudi kuchoma mashina ya pamba na, yakikosekana, mifuko ya plastiki.

Alianza kuugua kifua mwaka 2018. Daktari wa Minya alipoiona picha ya mapafu alimwuliza anavuta pakiti ngapi kwa siku.

"Sijawahi kushika sigara, mwanangu," alisema. "Nimeoka mkate."

Gesi yake ilikuwa imechelewa kumwokoa yeye mwenyewe. Alifariki dunia jana, Jumanne tarehe 7 Machi 2023, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na Irini. Jioni wakala alituma mkokoteni wa mitungi ya gesi, eti rambirambi ya kuwapikia wageni. Irini alitoka mlangoni, akamwambia mwenye mkokoteni, "Mrudishie. Mwambie tumeshapika." Dengu na maharage mtakayokula leo, kwa kuwa ni Kwaresima, yamepikwa kwa gesi ya matangi ya majirani.

Marehemu ameacha mume, Fakhri, watoto wake Irini na Abanub, wajukuu watano, na mimi mdogo wake, Nasri. Ameacha pia zile nyumba za ng'ambo ya mfereji. Moshi mweusi mtakaouona mkitoka makaburini si wa takataka. Ni wao wanapika.

Dada yetu apumzike kwa amani, na apumue.