Kisigino cha Mzee Twalibu

Ijumaa ile, baada ya swala ya Alasiri, Mzee Twalibu alifika kwenye benchi la kijiji cha Chumbi, mbele ya banda la fundi baiskeli, akikanyagia vidole kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Kisigino chake cha kulia kilikuwa kikimuuma tangu mavuno ya mpunga. Makaburi yako ng'ambo ya majaruba, mwendo wa nusu saa, na huko ndiko alikolala mkewe, Mwajabu. Kila Ijumaa mzee alikuwa akienda kumsomea Yasin. Sasa ilikuwa Ijumaa ya tatu hajafika. Akakaa, akapokea kikombe cha kahawa, akasema Alhamdulillahi. Wenzake walikwisha kuanza kumtibu.

— Kisigino ni beringi, — alisema Muhidini, mwenye banda, ambaye pale wanamwita Spoku. — Imekauka grisi. Mkande kwa mafuta ya nazi ya moto, asubuhi na jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acha ushamba, — alisema Kheri, aliyeitwa Dozi kwa kuwa aliwahi kulinda duka la dawa kule Kibiti. — Sindano. Inachomwa hapa kwenye unyayo, maumivu yanakwenda zake.

— Hayarudi? — aliuliza Spoku.

— Yanarudi. Lakini si yalikwenda?

— Daktari alikwambiaje, mzee? — Spoku akamgeukia Twalibu.

Twalibu alijibu taratibu. Hata alipokuwa mzima hakuwa mtu wa haraka.

— Kasema kila asubuhi nisukume ukuta, mguu nimeunyoosha nyuma. Nivae kiatu chenye soli laini. Niviringishe chupa ya barafu kwa unyayo. Na nisubiri.

— Siku ngapi?

— Miezi.

— Huyo hajui, — alisema Dozi. — Anayejua hutaja siku.

Saidy wa Mbwera, maarufu kwa jina la Tope, akaweka kikombe chini.

— Kwetu deltani hakuna mtu mwenye kisigino.

— Hakuna mwenye kisigino? — aliuliza Dozi.

— Kinachouma. Maji yakitoka unasimama kwenye tope la mikoko, magoti yazame. Tope linafyonza. Mjomba wangu alisimama asubuhi, adhuhuri kapona.

— Akatembea?

— Angetembeaje? Tope lilimshika. Tulimvuta kwa kamba.

— Na kisigino?

— Hakukitaja tena. Akawa analalamikia kiuno.

— Ndiyo hiyo, — alisema Spoku. — Maumivu ni upepo wa tairi, ukibana huku unatokea kule. Mzee atembee kinyumenyume. Yatasogea mbele mpaka kwenye vidole. Hapo tunakata kucha, yamekwisha.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Dozi akaongeza.

— Mkuu nani?

— Yeyote kati yetu.

Twalibu alilipima jambo la kinyumenyume. Kama lingemfikisha makaburini kabla ya Magharibi, angelifanya, na watu wamwone.

Wakati huo akapita Tatu, mdogo wa marehemu Mwajabu, na kikapu cha mihogo kichwani. Akawaamkia, akasimama kuwasikiliza. Alisikia habari ya beringi, akasikia ya sindano, na tope likarudiwa upya kwa ajili yake. Halafu akamgeukia mzee.

— Shemeji, kwani Yasin haifiki mpaka uipeleke kwa miguu? Si uisomee nyumbani?

Dozi akamtazama Spoku. Spoku akamtazama Tope. Tope akatazama ndani ya kikombe chake.

— Inafika, — alisema Twalibu. — Yasin inafika, Tatu. Asiyefika ni mimi.

Tatu akashusha kikapu, akakaa. Benchi lile halijawahi kukaliwa na mwanamke. Spoku akasogea, akasuuza kikombe, akammiminia kahawa.