Kijisanduku Kililia Kijiweni

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa kiwanda cha ngozi, hatua chache kabla mtaa haujakata kona. Upande mmoja alikaa muuza kahawa, aliyebandikwa jina la birika lake, Dele. Upande wa pili Puncha aliziba matairi. Katikati alijimwaga Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kuingia ila kama mshtakiwa. Jioni hiyo aliongezeka kijana mgeni kazini, mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, waliyembatiza Kengele kwa sababu ya kijisanduku cha manjano alichobana kifuani. Kazi ya kijisanduku ni kunusa gesi ya sumu na kupiga kelele. Kengele alikuwa ametoka zamu, akasahau kukirudisha. Hajamaliza hata kikombe cha kwanza, kijisanduku kikaanza kulia.

— Oya, zima simu, watu tunaongea, alisema Wakili.

— Si simu.

— Basi betri imekwisha, alisema Puncha. Hivi vidude vikikosa moto vinalia kama mtoto.

Kengele alitamani kweli iwe betri. Aliangalia kioo kidogo. Betri ilikuwa imejaa.

— Nyie hamjui kitu, alisema Wakili. Hicho amekiweka bosi wao. Kinasikiliza. Ukitaja mshahara tu, kinapeleka habari ofisini.

— Mshahara! alipayuka Puncha.

Kikalia. Benchi zima likaangua kicheko.

— Mimi nimesikia vya siku hizi vinamjua hadi mtu mwongo, alisema Dele akimimina. Wakili, hebu sema umesomea sheria.

— Nimesomea sheria!

Kikalia tena, mara mbili mfululizo. Puncha alicheka hadi akashika mbavu. Kengele naye alicheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Akionyesha woga, kesho watamwita jina baya zaidi. Akikaa kimya, je?

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na mtoto mgongoni, amekuja kufuata tairi la baiskeli ya mumewe. Kabla hata ya salamu alivuta kanga akaziba pua.

— Jamani, mnakaaje hapa na harufu hii ya mayai viza?

— Harufu gani? waliuliza karibu wote kwa pamoja.

Yule mama aliwashangaa, akidhani wanamtania.

Kengele alikumbuka. Siku ya mafunzo, msimamizi wao aliwaambia: gesi hii ni nzito, hutambaa chini, na inanuka mwanzoni tu, kisha inaiua pua yako kabla haijakuua wewe. Wenzake walikuwa hapo tangu alasiri, na yeye alikuwa ameshinda kwenye harufu za kiwandani. Alikichomoa kijisanduku kifuani, akainama, akakishusha karibu na ardhi. Kikapiga yowe. Akakiinua juu ya kichwa, kikapunguza. Akapiga hatua kuelekea konani kikiwa chini, na yowe likazidi.

— Mama, ondoka na mtoto. Nendeni wote ng'ambo ya barabara. Sasa hivi!

— Acha zako, bwana mdogo, alisema Wakili, ila alikuwa ameshasimama.

— Huko konani kuna nini? aliuliza Kengele.

Dele alikuwa ameganda, birika mkononi.

— Mdogo wangu yuko huko. Kaitwa kuzibua chemba ya maji machafu ya kiwanda. Amesema nimwekee kahawa, anatoka sasa hivi.

— Amesema lini?

Birika lilimponyoka Dele, kahawa ikatapakaa miguuni pake, na yeye akatimua mbio.

Kengele alimfikia mdomoni mwa chemba. Mfuniko ulikuwa umewekwa kando. Chini, kwenye kiza, alionekana kijana ameegemea ngazi, shingo imelala begani kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Dele alishapitisha mguu mmoja ndani. Kengele alimkumbatia kiunoni kwa nyuma, akamvuta, wote wawili wakaanguka chali.

— Niache! Nitamshika mkono tu!

— Ukishuka hutaufikia huo mkono, kaka.

— Ni mdogo wangu! Niache, nitakuua!

— Niue huku huku juu.

Dele alimpiga kiwiko cha uso, akamchana shati. Kengele alifumba macho akang'ang'ania. Akilini akamwona mama yake, sijui kwa nini, anafua nguo uani. Puncha akaja akamkaba Dele miguu, wakamburuta mbali na ile hewa huku analia kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Wakili, asiyeishiwa maneno, alikimbilia getini akipaza neno moja tu: Mtu! Mtu! Mtu!

Waokoaji wa kiwanda walikuja na mitungi ya hewa migongoni, nyuso zimefunikwa. Mmoja alishuka, mwingine akashika kamba. Kwa Kengele ilikuwa kama jua limesimama. Walimpandisha kijana akiwa mzito kama gunia lililolowa, wakamlaza barabarani, wakamvisha barakoa ya hewa. Midomo ilikuwa ya bluu. Kifua hakikwenda. Kisha kikaenda. Akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

Dele alipiga magoti. Alinyoosha mkono akalishika lile shati la Kengele alilolichana, akabaki amelishika tu.

Kijana aliisogeza barakoa. Sauti ilitoka kama ya mzee.

— Mwenzangu mmemtoa?

Watu walitazamana.

— Mwenzako yupi? aliuliza Dele. Si ulikuja peke yako?

— Yule aliyetangulia kushuka.

Yule mwokoaji aliyekuwa ameshavua mtungi alianza kuuvaa tena.