Meno ya Juu

Sogeeni wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Karakana, na randa, na misumeno, na zile mbao zilizoegemezwa ukutani ni vya dada yenu mkubwa, na asitokee mtu wa kusema kigego harithi, kwani ndiye aliyeshika ncha ya pili ya msumeno miaka yote ambayo ukoo ulipita hapa ukiangalia pembeni. Nyumba mgawane nyinyi wawili wa kiume.

Alipoota meno ya juu kabla ya ya chini, wazee walisema atamaliza ukoo, nimtoe. Nikakataa, wakanitenga. Vitanda vyangu havikununuliwa tena, eti atakayevilalia hatazaa, ila majeneza waliyafuata, maana maiti haogopi mkosi. Nilicheka, lakini upweke uliniuma. Arusi za ndugu zangu nilizisikia ngoma tu, nikiwa hapa napiga randa.

Nanyi mkaniona shujaa. Sikuwa shujaa, wanangu. Kabla ya dada yenu mama yenu alizaa mtoto wa kiume, naye alianza kwa meno ya juu, na wazee walipokuja nikawapa kwa mikono hii, kwa sababu mkataa wengi ni mchawi. Hawakunirudishia hata shuka lake. Mama yenu, Mungu amrehemu, hakuniita tena kwa jina mpaka anakufa.

Sasa wewe, kitindamimba wangu. Mkeo akiingia humu humfunika mtoto mdomo kwa kitambaa. Mimi ni mzee, si kipofu. Najua pia kuwa shangazi yenu atakuja kesho kumkagua. Msimpe! Mwambieni kwamba mimi kaka yake nilishatoa mmoja, na ukoo haukuacha kuzika.

Jeneza langu liko nyuma ya mlango. Dada yenu apigilie msumari wa mwisho, na ndugu wakikataa kunibeba, nibebeni nyinyi watatu, hata mkipumzika njiani mara kumi.

Maji... basi, yatosha.

Mkwe wangu, usilie. Mlete. Ondoa kitambaa... mlete karibu zaidi, macho yameingia giza. Hivyo. Mawili tu, kama punje za mchele. Haya ndiyo tuliyoyaogopa.

Mungu akukuze, mjukuu wangu. Kula nayo... ule, ushibe... mpaka yang'oke kwa uzee.